Mfadhili anataka kutupa miwani ya uhalisia pepe: tuifundishie nini?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mkufunzi katika chuo kidogo cha afya ya mifugo upande wa Misungwi, mkoani Mwanza. Wanafunzi wa stashahada ni wengi, ng'ombe wa mafunzo ni wachache, na kila muhula malalamiko ni yale yale: mtu anahitimu akiwa ameingiza mkono kwa ng'ombe kupima mimba mara mbili tatu tu. Sasa amejitokeza mfadhili anayetaka kutununulia miwani kumi ya uhalisia pepe, ile inayomfanya mvaaji aone kama yumo ndani ya picha, pamoja na programu za kufundishia udaktari wa mifugo. Mkuu wa chuo amefurahi, na ameshaanza kusema safari za kwenda kwa wafugaji zitapunguzwa maana mafuta ya gari yanatumaliza. Wakufunzi wa siku nyingi nao wanasema hakuna daktari wa mifugo aliyewahi kutengenezwa na miwani. Tukubali? Na tukikubali, tuifundishie nini?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Umeuliza mawili, lakini ndani yake lipo la tatu ambalo ndilo zito kuliko yote, nalo ni la mafuta ya gari. Nalianza hilo. Usikubali safari hata moja ya kwenda kwa wafugaji ifutwe kwa sababu ya miwani. Miwani ipokeeni, na masharti yake nitakueleza, lakini kazi yake iwe kumwandaa mwanafunzi ili akifika zizini awe tayari anajua anachokitafuta. Mkiitumia mahali pa zizi, mtatoa wahitimu ambao siku yao ya kwanza kumshika mnyama mkaidi itakuwa siku wameshaajiriwa, mwenye ng'ombe amesimama pembeni anawatazama.

Mkuu wako na wakufunzi wa siku nyingi wanabishania kifaa, wakati cha kujadili ni ujuzi. Katika kazi yetu upo ujuzi unaokaa kwenye vidole, upo unaokaa machoni, na upo ule wa kuamua jambo haraka huku watu wamekuzunguka. Kabla ya kununua chochote, chukueni mtaala, mpitie somo moja baada ya jingine, mjiulize ujuzi huu unakaa wapi. Mkishajua hivyo, vifaa vitajichagua vyenyewe.

Tuanze na lile linalowaliza wanafunzi wako, la kupima mimba kwa mkono. Ugumu wake wa kufundishika uko mahali pamoja: mkono ukishapita njia ya haja kubwa, hakuna anayeuona. Mwanafunzi anasema "nimeupata mfuko wa uzazi", na wewe huna namna ya kujua kama ameshika mfuko wa uzazi, kibofu cha mkojo au pindo la utumbo. Ili uhakiki inabidi yeye atoe mkono, uingize wako, na hapo kile alichokuwa amekishika kimeshaponyoka. Ng'ombe naye ana mwisho wa uvumilivu. Akishapapaswa na mikono kadhaa anaanza kujikamua, yaani kusukuma kwa nguvu, utumbo unakaza, ukuta wake unavimba, na glovu inatoka na damu. Ukiendelea baada ya hapo humfundishi mtu chochote, unamwumiza mnyama tu, na tangu 2008 nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ambayo chuo cha mifugo kinapaswa kuwa cha kwanza kuiheshimu.

Tatizo hili si la Misungwi peke yake. Sarah Baillie, daktari wa mifugo wa Uingereza aliyekuwa amefanya kazi mashambani kabla ya kurudi chuoni, alilichukua kama mada ya utafiti wake katika Chuo Kikuu cha Glasgow mwanzoni mwa miaka ya 2000, akatengeneza kifaa kilichokuja kujulikana kama Haptic Cow. Mwanafunzi anaingiza mkono kwenye umbo la nyuma ya ng'ombe na kuvaa kwenye kidole kikombe kidogo kilichounganishwa na mashine. Kompyuta inajua kidole kimefika wapi, na mashine inakisukuma kidole kwa nguvu inayolingana na kitu kilichoguswa: mfupa wa nyonga unakataa kabisa, shingo ya kizazi inakataa kidogo, mfuko wa uzazi usio na mimba unabonyea. Wakati huo mwalimu anatazama kwenye skrini kidole kinapita wapi. "Umepitiliza. Rudi nyuma, shuka kushoto, hapo hapo." Utafiti uliochapishwa 2005 ulionyesha kwamba wanafunzi waliopitia kifaa hiki waliupata mfuko wa uzazi wa ng'ombe wa kweli kwa ufanisi kuliko wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida peke yake.

Hebu angalia kwa makini ni nini kilichofanya kazi pale. Kidole kilihisi kitu, na mwalimu aliona kidole kilipo. Uzuri wa picha haukuwa na mchango mkubwa. Sasa linganisha na miwani mliyoahidiwa. Mwanafunzi akiivaa ataona kila kiungo cha ndani kwa rangi zake, lakini kidole chake hakitagusa chochote. Kile kishikio cha mkononi kitatetemeka, basi. Kwa hiyo kwa somo la kupima mimba, wakufunzi wa siku nyingi wana haki. Miwani inaweza kumwonyesha mwanafunzi ramani ya ndani kabla hajaingiza mkono, na ramani ni jambo jema, ila mkono wake utabaki mjinga vile vile.

Kwa somo hili nakushauri mtengeneze modeli hapo hapo chuoni. Wala si jambo la kimaskini la kuonea haya. Australia kuna modeli ya kupapasia iitwayo Breed'n Betsy ambayo haina kompyuta yoyote ndani, na inatumika kufundishia madaktari na wahimilishaji, yaani wanaopandikiza mbegu kwa ng'ombe. Nyie chukueni pipa la plastiki la lita 200, mlilaze juu ya meza imara hadi lifikie kimo cha nyuma ya ng'ombe, mkate mfuniko na kuuziba kwa mpira laini wenye tundu linalobana mkono. Ndani yake fungeni mifupa ya nyonga ya ng'ombe halisi, iliyochemshwa na kukaushwa vizuri. Usiiache mifupa hiyo. Mwanafunzi anayejifunza bila nyonga hajui ukingo wake uko wapi, na ukingo wa nyonga ndio alama ya kuanzia: mfuko usio na mimba kwa kawaida unaupata juu ya sakafu ya nyonga au karibu na ukingo, na wenye mimba unazidi kuzama tumboni kadiri miezi inavyokwenda.

Mfuko wa uzazi ushoneni kwa kitambaa na mpira. Shingo ya kizazi iwe ngumu kiasi, yenye mikunjo. Wahimilishaji wamezoea kuwaambia wanafunzi wao kwamba mkononi inafanana na shingo ya kuku, na ni kweli inasaidia. Ovari ziwe na urefu wa sentimita 2 hadi 4, moja mkiibandika kivimbe kigumu cha kuashiria yai lilikotoka, nyingine muiache laini. Kwa mimba changa ingizeni glovu moja ya mpira ndani ya nyingine, mjaze maji, kisha mziweke ndani ya pembe moja ya mfuko. Mwanafunzi akibana taratibu atahisi tabaka la ndani likiteleza na kuponyoka kabla ya lile la nje. Ni karibu sana na ule mtelezo wa utando tunaoutafuta kwa ng'ombe kuanzia kama siku ya 35 na kuendelea. Kwa mimba ya miezi mitatu hivi, shoneni vifundo vidogo ukutani mwa mfuko mkubwa uliojaa maji. Tengenezeni mifuko kadhaa tofauti na kuibadilisha kila siku bila kutangaza, kwa sababu mfuko ukizoeleka mwanafunzi anakariri pipa. Anafaulu kwenye pipa na kupotea kwa ng'ombe.

Ule mtetemo wa mshipa mkubwa wa damu wa mfuko wa uzazi, ambao kuanzia kama mwezi wa nne unakupa uhakika, hamtaweza kuuiga vizuri kwa kitambaa. Huo uacheni kwa ng'ombe.

Baada ya pipa, na kabla ya ng'ombe hai, ipo hatua ambayo vyuo vyetu vinairuka wakati malighafi iko jirani. Ni machinjioni. Mfuko wa uzazi uliotolewa leo asubuhi una uzito, utelezi na ubaridi ambao hakuna kampuni imeweza kuuiga. Lakini hapa nataka kuwa mkali. Brusela, ugonjwa wa kutupa mimba, unakaa kwenye viungo hivi hivi, na unamwingia binadamu kwa urahisi kupitia mchubuko mdogo au matone yanayoruka usoni. Chukueni viungo vya wanyama waliokaguliwa tu, vya majike yasiyo na mimba, na kamwe visiwe vya mnyama aliyetupa mimba. Kila mtu avae glovu, aproni, barakoa na kitu cha kukinga macho. Kuvigandisha kwenye friji hakuuwi brusela, msidanganyike. Mkitaka vidumu, tumieni fomalini kwenye chumba chenye madirisha wazi, kisha muvisuuze kwa maji mengi kabla ya mtu kuvishika, kwa sababu fomalini yenyewe ni sumu. Mwanafunzi mjamzito asishiriki kabisa zoezi hili. Mpangieni pipa, au altrasaundi nitakayoieleza mbele.

Ujuzi mwingine wa vidole unafuata njia ileile na sitakaa sana hapo. Kuingiza sindano kwenye mshipa wa shingoni kunafundishika kwa mpira wa dripu uliojazwa maji ya rangi, ukafunikwa kwa kipande cha ngozi ya mbuzi. Mwanafunzi akitoboa upande wa pili anaona maji yanavuja, na ni heri avuje hapo kuliko kumwagia kalsiamu nje ya mshipa wa ng'ombe wa maziwa wa mtu. Kushona kidonda kunaanzia kwenye sponji. Uzazi uliokwama unafundishika kwa ndama wa gunia mwenye miguu ya mbao iliyotiwa viungo vinavyokunja, kwa sababu kitu cha kwanza anachotakiwa kujua aliyeingiza mkono gizani ni kama ameshika mguu wa mbele au wa nyuma: wa mbele viungo vyake viwili vya kwanza vinakunja upande mmoja, wa nyuma vinapishana.

Sasa nije kwenye miwani, nisije nikaonekana naipinga. Ipo sehemu ya taaluma yetu ambayo miwani inaifundisha kuliko pipa, kuliko kitabu, na katika mambo fulani kuliko hata safari. Ni pale ambapo mnyama wa kweli angekuwa hatari, au tukio lenyewe halitokei kwa ratiba ya muhula.

Chukua kimeta. Huwezi kupanga mzoga wa kimeta siku ya Jumanne saa nne, wala hutamani. Hata hivyo mhitimu wako anaweza kukutana nao mwezi wake wa kwanza kazini, akiwa peke yake kwenye kijiji cha kisiwani Ukerewe au Kome. Ng'ombe alikuwa mzima jana jioni, leo amekutwa amekufa, tumbo limejaa, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na sehemu ya haja kubwa, na mwili haukukakamaa sawasawa. Watu wamekusanyika na visu. Mwenye ng'ombe anaona fedha yake inaharibika jua likipanda. Mtihani wa kijana wako pale hauhusu vidole wala kumbukumbu ya kitabu. Unahusu kama atasimama na kusema "huyu hafunguliwi", na kama atasema kwa namna ambayo watu watamsikiliza.

Tukio kama hilo linaweza kutengenezwa ndani ya miwani. Mwanafunzi anavaa, anageuka kulia na kushoto, anaona mzoga, anaona watu, anamsikia mzee akimwomba kwa Kisukuma. Akinyoosha mkono kuchukua kisu, somo linasimama na kumwonyesha matokeo: vimelea vilivyokuwa mwilini vikikutana na hewa vinajigeuza mbegu ngumu zinazodumu ardhini kwa miongo kadhaa, na malisho ya kijiji kizima yanabaki na deni. Akichagua vizuri anaendelea: kuwaondoa watu na mbwa, kuchukua tone la damu kwenye sikio bila kumpasua, kuziba matundu, kupiga simu wilayani, kupeleka sampuli kituo cha Mwanza cha Wakala ya Maabara ya Veterinari, kusimamia kuchoma au kufukia kwa kina, kuwaelekeza waliogusa mzoga waende hospitali, kupanga chanjo ya mifugo iliyobaki. Anaweza kukosea na kurudia mpaka mpangilio huo umwingie, na hakuna anayeugua. Tengenezeni na la mbwa mwenye dalili za kichaa, na la nguruwe wanaokufa mmoja baada ya mwingine kwenye banda la mama anayetaka kuwauza upesi kabla hawajaisha. Haya ndiyo masomo ambayo ningeyatolea fedha ya mfadhili bila kusita.

Miwani inasaidia pia kwenye anatomia, hasa kwa mwanafunzi anayehangaika kuunganisha picha bapa ya kitabuni na mwili wenye kina. Akitembea kumzunguka ng'ombe ambaye ngozi yake imekuwa kioo, anaona kwa nini tumbo kubwa liko kushoto na kwa nini mnyama aliyejaa gesi anatobolewa shimo la ubavu wa kushoto na si kulia. Bado apasue mzoga baadaye. Hili halina mjadala.

Kinachonipa wasiwasi ni programu zenyewe. Nyingi zimetengenezwa Ulaya na Marekani, ng'ombe ni Friesian mkubwa mpole, yuko kwenye kibanio cha chuma, sakafu ya saruji, taa zinawaka. Mhitimu wako atakutana na zebu wa Magu mwenye nundu na hasira, amefungwa kamba kwenye mti, na kibanio hakipo. Magonjwa yetu ya kupe, yaani ndigana kali, ndigana baridi na maji moyo, katika programu za namna hiyo yana nafasi ndogo, au hayamo kabisa. Ukimzoesha kijana mazingira yasiyo yake, unamfanya aone kwao ndiko kwenye kasoro.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza kwa mfadhili lingekuwa kamera ya nyuzi 360. Kwa kamera hiyo mnaweza kurekodi wenyewe: josho linavyofanya kazi asubuhi yenye foleni, mnada, ukaguzi wa nyama machinjioni kuanzia mnyama akiwa hai hadi tezi za kichwani, banda la ng'ombe wa maziwa wa kufungiwa ndani huko Ilemela, daktari akimchunguza ndama mwenye ndigana kali na kuonyesha tezi iliyovimba chini ya sikio. Ombeni ridhaa ya mwenye mifugo kwanza. Kamera iwekwe juu ya stendi, kimo cha macho ya mtu aliyesimama, na isisogezwe wakati wa kurekodi, kwa sababu picha ikitembea huku mtazamaji amekaa, macho na sikio la ndani vinapishana na mtu anatapika. Chukueni na sauti zenyewe. Wanafunzi wanaotoka Kagera au Ukerewe wanajifunza mengi kwa kumsikia mfugaji wa Kwimba akieleza ugonjwa kwa lugha na mpangilio wake.

Na mkiwa na kamera hiyo msisahau ziwa. Ufugaji wa sato kwa vizimba umeongezeka sana kwenye mwambao wetu, na mfugaji ambaye samaki wake wameelea asubuhi atamtafuta mtaalamu wa mifugo aliye karibu, hata kama mtaalamu huyo alisomea ng'ombe. Kuwapakia darasa zima kwenye mtumbwi kwenda kwenye vizimba ni kuhatarisha maisha. Kumpeleka mkufunzi mmoja na kamera, tena kwa kushirikiana na wenzenu wa chuo cha uvuvi Nyegezi, kunawezekana wiki hii.

Darasani, miwani kumi si baraka kuliko minne. Wanafunzi kumi wakivaa kwa pamoja huwezi kujua nani anafanya nini, unakuwa umerudi kwenye tatizo lile lile la mkono usioonekana. Vaeni wachache, na kila anachokiona mvaaji kirushwe kwenye televisheni ili wengine wafuatilie, wabishane, wamkosoe. Mazungumzo hayo ndiyo somo. Vipindi viwe vya dakika kumi hivi mwanzoni, mvaaji akiwa ameketi, na anayehisi kichefuchefu avue bila kuchekwa. Sehemu inayogusa uso ifutwe kwa dawa kila inapobadilisha mtu. Mlipuko wa macho mekundu wa mwanzoni mwa 2024 mnaukumbuka, na sponji ya miwani yenye jasho ni njia nzuri sana ya kuusambaza. Chajini usiku, maana umeme ukikatika saa ya kipindi hamtakuwa na la kufanya. Na msiiache kwenye dirisha: jua likipita kwenye lenzi zake linaunguza kioo cha ndani.

Kama mfadhili anasikia ushauri, mwambie jambo jingine. Fedha ya miwani mitano au sita ielekezwe kwenye altrasaundi moja ya kubebeka ya ng'ombe. Inaonyesha mimba kuanzia kama siku ya 28 hadi 30, na inafanya kile alichokifanya Baillie kwa kompyuta, ila ndani ya mnyama mwenyewe: mwanafunzi ana kipimo mkononi, na mwalimu na darasa zima wanaona kwenye skrini kile ambacho mkono umekifikia. Chuo kikiwa na altrasaundi, pipa na kamera, hata bila miwani kitafundisha uzazi wa ng'ombe vizuri. Chuo chenye miwani peke yake hakitaweza.

Pangeni sasa mlango wa kumfikia ng'ombe hai. Mwanafunzi asiingize mkono kwa mnyama mpaka amefaulu kwenye pipa, mbele ya mkufunzi, kwa mtihani wa vituo, ule aliouasisi Ronald Harden huko Dundee miaka ya 1970 kwa madaktari wa binadamu: kila kituo kazi moja, dakika chache, orodha ya kupimia iliyo sawa kwa wote. Hapa kuna faida moja ambayo sijaona ikisemwa vya kutosha. Kwenye kibanio, wale wenye vifua ndio wanaosukuma mbele, na mabinti wengi wanamaliza mwaka wakiwa wameshika daftari. Pipa halina msukumano. Linakaa hapo mpaka saa mbili usiku na kila mmoja ana zamu yake iliyoandikwa. Nimewaona mabinti waliokuwa wakiambiwa mikono yao ni mifupi wakiwa wahimilishaji wazuri mno, na zebu wetu si wakubwa hata wahitaji mkono wa jitu.

Ndipo safari zinapokuja, na sasa zinakuwa na maana mara mbili. Mwanafunzi aliyekwishapita pipa na machinjioni hatumii zamu yake kutafuta kilipo kizazi. Anaitumia kujifunza yale ambayo mnyama peke yake anayafundisha: lini ng'ombe anakaribia kupiga teke, jinsi ya kusubiri wimbi la kujikamua lipite, jinsi ya kuendelea kuzungumza na mwenye mali huku mkono uko kazini. Mnyama mmoja anahudumia wanafunzi wachache kwa siku, wala haumii. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe 2025, wafugaji wa Sengerema wako karibu nanyi kuliko walivyowahi kuwa. Tumieni nafasi hiyo, toeni huduma ya kupima mimba na chanjo huku mkifundisha, wafugaji watawapokea.

Mkuu wa chuo akitaka ushahidi, mpeni wa kwake. Gaweni darasa mafungu mawili kwa kura. Fungu moja lipite kwenye pipa kwanza, jingine lisubiri. Kisha wote wapime ng'ombe wale wale ambao altrasaundi imekwisha kuthibitisha hali zao, mkufunzi anayeandika matokeo asijue nani ametoka fungu gani. Hesabuni majibu sahihi. Fungu lililosubiri lipewe zamu yake ya pipa mara baada ya hapo, isije ikawa mmewanyima. Mkiwa na karatasi hiyo, hata mfadhili anayefuata mtazungumza naye mkiwa na mahali pa kusimama.

Barua ya kumjibu mfadhili iandike wewe, mpe mkuu aisaini. Mshukuru, kisha omba haya: miwani minne inayofanya kazi bila intaneti mara ikishapakiwa masomo, programu ambazo leseni yake haifi baada ya mwaka, akaunti zote ziwe kwa jina la chuo na siyo la mkufunzi mmoja, maana akihama ataondoka na nywila, televisheni ya kurushia picha, kamera ya nyuzi 360, altrasaundi, glovu ndefu za muhula mzima na vifaa vya kutengenezea mapipa matatu. Mstari wa mwisho uwe mafuta ya gari kwa safari za mwaka wa kwanza. Usiuweke kama nyongeza, uweke ndani ya jedwali la gharama pamoja na vingine, kwa hesabu kamili ya kilomita kutoka chuoni hadi Magu, Kwimba na Sengerema, ili atakayetaka kuufuta alazimike kueleza kwa nini.